Kusoma Chuo Ukiwa Nyumbani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa Karo

Machi 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo kote nchini kufuatia mkurupuko wa Korona, vyuo vikuu vililazimika kuhamishia mihadhara mtandaoni. Wanafunzi wengi waliorejea vijijini walibaki nyuma kwa kukosa mtandao, umeme au pesa za bando.

Vyuo vilifunguliwa, lakini masomo ya mtandaoni hayakuisha. Vyuo vikuu kadhaa sasa huchanganya mihadhara ya darasani na ya mtandaoni. Agosti 2023, Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichoko Konza, kilipewa hati rasmi ya kufundisha kwa njia ya mtandao.

Gharama inabadilikaje?

Anayesomea nyumbani huokoa kodi ya hosteli na nauli. Hata hivyo, atahitaji simu au kompyuta inayofaa, bando la kila wiki na mahali tulivu. Jamaa nao wakumbuke kwamba aliye nyumbani bado yuko darasani. Akitumwa shambani au sokoni saa ya mhadhara, amekosa somo.

Kozi zipi haziwezi kuhamia mtandaoni kabisa?

Nadharia husomeka popote. Uuguzi, uhandisi, ufundi wa umeme na useremala huhitaji wodi, maabara au karakana. Ndiyo maana wanafunzi wa vyuo vya ufundi vilivyo chini ya kaunti bado wanahitaji kuhudhuria masomo ana kwa ana.

Kabla ya kulipa karo:

• Hakikisha chuo kikuu na kozi vinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE). Kwa vyuo vya kiufundi, uliza mamlaka ya TVETA. Cheti kutoka chuo kisichotambuliwa kinaweza kukataliwa na mwajiri.

• Uliza ni siku ngapi mwanafunzi atahitajika chuoni, na mitihani itafanyiwa wapi.

• Uliza iwapo mihadhara hurekodiwa. Anayeishi penye mtandao hafifu anaweza kuipakua baadaye.

• Jumlisha karo, bando, kifaa na nauli ya mitihani, kisha ulinganishe na gharama ya kukaa chuoni.

Kozi ya mtandaoni yenye karo nafuu inaweza kuishia kuwa ghali ikiwa mwanafunzi hataweza kuifuatilia hadi mwisho.