Viatu vya kupandia mlima mahali pasipo njia

Ndugu mfanyakazi, ndani ya mgodi unatunza miguu yako vizuri. Lakini siku ya likizo, ukialikwa na jamaa kupanda mlima, unavaa nini? Wengi huchukua basketi za zamani, au buti zilezile za kazi. Yote mawili ni hatari.

Ukikaa Mangobo umezoea udongo na matope pahali pa sawasawa. Kisangani iko karibu meta 400 tu juu ya bahari. Mlimani ni kitu kingine. Kule Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita kinafika meta 5,109, unakuta matope mazito, halafu mawe yenye majimaji, halafu barafu. Ukiacha njia, kila jiwe linaweza kugeuka chini ya mguu wako. Ukiteguka kifundo hakuna toleka ya kukurudisha nyumbani. Wenzako watakubeba mgongoni, na huenda usiku utawakuta njiani. Kisha utakaa wiki nyingi bila kwenda kazini.

Buti ya kazi ina chuma mbele ili kuzuia jiwe linaloanguka juu ya vidole. Wakati wa kuteremka, vidole vinagonga chuma hicho saa nzima. Tena soli yake mara nyingi ni ngumu, kwa sababu imefanywa kuvumilia mafuta, na mpira mgumu unateleza juu ya jiwe lenye maji. Iache kazini. Na hiki kiatu chepesi tunachoeleza hapa, usikilete mgodini hata siku moja.

Watazame wavuvi wa Wagenia: wanapita juu ya mawe yenye maji miguu mitupu, kwa sababu mguu unalisikia jiwe. Kiatu chema cha mlimani ni kile kisichokunyima kulisikia jiwe. Kwa hiyo usipende soli nene iliyo laini kama godoro, kwani inakuinua juu, na mguu unapinduka upesi. Chagua soli iliyo karibu na ardhi, yenye meno ya milimeta 4 au 5, na mpira ambao ukiuminya kwa kucha unabonyea kidogo. Kikunje kwa mikono: kikunjike penye vidole, si katikati. Mbele kiwe na ngao ya mpira, na ubavuni kitambaa kigumu, maana mawe na miiba vinapasua upesi.

Nunua jioni, mguu ukiwa umevimba kwa matembezi ya mchana, na uvae soksi utakazovaa safarini. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisigino kisipande unapotembea. Kikipanda, pitisha kamba katika tundu la mwisho na ukaze. Kisha simama juu ya mteremko, hata ubao tu, ukiangalia chini. Vidole vikigusa mbele, kirudishe kwa mwenye duka.

Mama, wewe unayenunua sokoni viatu vilivyokwisha kuvaliwa Ulaya, usidanganyike na rangi. Soli za namna nyingine, zile zinazofanana na sponji, zinazeeka hata kiatu kikikaa sandukuni, hasa katika hewa yenye unyevu kama ya kwetu. Kwa macho kinaonekana kipya. Mlimani soli inamegeka kama mkate mkavu. Bonyeza kwa nguvu, vuta ukingo wa soli, angalia kama gundi inaachia.

Penye matope tupu, buti za mpira zinashinda kiatu chochote. Zivae chini, ubebe vile vyepesi mgongoni kwa ajili ya mawe.

Kabla ya kusafiri, uliza kama njia ina usalama. Vaa viatu wiki mbili ukizunguka mtaani, na umwage maji juu ya jiwe pale uani ujaribu kusimama juu yake. Kucha za miguu zikate siku mbili mbele.