Mgeni Njoo, Mwenyeji wa Kericho Apone

Chai tuinywayo na mahamri hapa Pwani ina safari ndefu nyuma yake. Huchumwa majani mawili na kichipukizi kwenye vilima vya Kericho na Bomet, yakasagwa na kukaushwa, kisha yakateremshwa hadi Mombasa, ulipo mnada wa chai tangu ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka wa 1969. Hapo wanunuzi hushindana kwa dola za Kimarekani. Mkulima hayupo mnadani. Yeye yuko shambani, kapu mgongoni, akingoja kuambiwa jasho lake limepata bei gani.

Zao hili liliingia kwa mabavu. Katika miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza yalipanda chai juu ya ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis, na mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ikauhamisha ukoo wa Talai hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mkulima mdogo alifunguliwa mlango hasa baada ya Uhuru, lilipoundwa shirika la KTDA mwaka wa 1964. Hadi leo hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo za majani mabichi, kisha hungoja bonasi ya mwaka. Bonasi ikipungua, karo ya watoto hutikisika. Nao vibarua wa mashamba makubwa wamekutana na mashine za kuchumia. Mwezi wa Mei 2023 hasira ziliwapanda watu wa Kericho hata mashine kadhaa zikatiwa moto.

Je, hakuna riziki nyingine ya kuongezea? Ipo, nayo ni mgeni. Katika msitu wa Mau kuna mbega, na humo hutoka mto Nyangores, upitao Bomet na kuuzaa mto Mara, ule ule ambao watalii husafiri kutoka Ulaya na Marekani kuja kutazama nyumbu wakiuvuka. Watalii hao wapitapo Bomet, kijiji huambulia vumbi la magari yao tu. Lakini nyumba ya mkulima ina mengi ya kuonyesha. Kuna mursik, maziwa yanayogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Ni maziwa, si pombe, na huliwa kwa kimyet, yaani ugali wa wimbi.

Sisi wa Pwani tuna ushahidi kwamba jambo hili lawezekana. Kina mama wa Wasini wana njia yao ya mbao ipitayo juu ya matumbawe na mikoko. Mgeni hulipa kiingilio, na fedha huingia katika chama chao. Kule Gede, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka wa 1993. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi, wakauza mabuu kwenda ng'ambo. Msitu ambao wengi wao walitamani ukatwe wapate mashamba ukageuka kuwa mali yao ukiwa umesimama.

Tuna na ushahidi wa upande wa pili. Tumeona hoteli zikijipanga ufukweni, mwenyeji akabakia kufagia na kubeba mizigo. Tumeona wageni wakipita nusu uchi mbele ya misikiti kwa kuwa hakuna aliyewaambia mpaka uko wapi. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kumkirimu mgeni, lakini kumkirimu si kumwachia nyumba. Basi wenzetu wa Kericho na Bomet wakianza, ufunguo wa sanduku la fedha uwe mikononi mwa wanakijiji wenyewe, hesabu isomwe mbele ya wote, na wazee na kina mama ndio watakaosema mgeni aone nini na avae vipi.

Wala wasing'oe chai. Mwaka wa 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, hoteli za Pwani zilifunga milango na vijana wakarudi makwao mikono mitupu. Mgeni awe kitoweo. Shamba libaki kuwa sima.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kericho huenda mgeni akaliomba kapu mwenyewe, tena siku ya kwanza, akalipia kufundishwa kuchuma. La muhimu ni kwamba malipo yake yaishie mlangoni pa mwenye shamba.