Mita 60 na Eka ya Kando ya Mto

Mkulima wa kawaida hapimi eka kwa mashine. Anapima kwa miguu: hatua 70 kwenda, anakata kona, hatua 70 nyingine, biashara imekwisha. Ukizigeuza hatua hizo kuwa mita, upande mmoja wa eka unakaribia mita 64. Sasa fungua Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, kinachozungumzia mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa. Mtu wa Ndandalo, wilayani Kyela, mwenye eka moja inayogusa mto anabakiwa na ukanda wa mita nne. Hapo atasia miche ya mpunga, lakini pa kuihamishia hana.

Ndiyo maana mkutano wa kijiji ukifika kwenye ajenda ya "hifadhi ya vyanzo vya maji", watu huanza kutazamana. Wote wanajua nani analima wapi. Mwenye shamba mtoni ni mjomba wa mtu, na pengine ni mwenyekiti mwenyewe.

Tuanze na sheria, maana inasingiziwa mengi. Haikusema usitie mguu ndani ya mita 60. Inakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaharibu hifadhi ya ukingo. Nyumba ni ya kudumu. Jembe linalogeuza udongo kila msimu hadi kwenye mdomo wa maji linaharibu. Lakini kuchota maji, kukata matete ya kuezekea au kutundika mzinga wa nyuki ni habari nyingine, na kifungu hichohicho kinampa Waziri nafasi ya kutoa miongozo ya shughuli za ndani ya ukanda huo. Ofisa anayesimama mbele ya wananchi na kusema "serikali imekataza" kisha akapanda pikipiki akaondoka, amewasomea nusu ya kifungu.

Kwa nini ukingo una thamani kubwa hivyo Kyela kuliko, tuseme, Dodoma? Tazama jinsi nchi ilivyokaa. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka kutoka milima ya Rungwe na jirani zake kwa kasi, halafu ghafla inafika kwenye tambarare iliyo takriban mita 500 kutoka usawa wa bahari. Mto uliokuwa ukikimbia unaanza kutembea. Na mto ukipunguza mwendo unatua mzigo: mchanga na tope. Mvua za Machi hadi Mei zinapofika kileleni, kitanda cha mto kimeshajaa, maji yanatafuta pa kupita. Mizizi ya matete na mikuyu ndiyo inayoushika udongo wa ukingo usimeguke. Ukishaing'oa ili upate matuta matatu zaidi, mwaka huu umevuna, mwaka ujao mto umekumegea matuta sita, na mchanga wake umekwenda kumzibia mwenzako wa chini.

Songwe umeonyesha jambo hili kwa ukubwa wake wote. Mto huo ndio mpaka wetu na Malawi, na umekuwa ukihama njia, kiasi kwamba shamba lililolala upande huu linaweza kujikuta ng'ambo. Nchi mbili zimelazimika kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde hilo, kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 2017. Unapoona mawaziri wanasafiri kwa sababu ya kingo za mto, ujue matete si majani tu.

Halafu kuna mbasa. Samaki huyu wa Ziwa Nyasa, anayefahamika kwa kila aliyekula Kyela au Matema, hatagi ziwani. Msimu wa mvua anapanda mitoni kutafuta maji yanayokimbia juu ya changarawe safi. Mchanga ukifunika changarawe, mayai hayana pa kukaa. Na mtu akitega wavu kukatisha mdomo wa mto wakati wa kupanda, anawavua wazazi kabla hawajazaa. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilishamweka katika orodha ya spishi zilizo hatarini. Mvuvi na mkulima wa ukingoni hulaumiana sana, lakini samaki wanayemmaliza ni yuleyule.

Basi nani wa kusimamia? Watu wengi hutazama wilayani, au husubiri mradi wenye kibao cha bati barabarani. Mimi naamini chombo chenye nguvu kuliko vyote kiko chini ya mwembe. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inakipa kijiji mamlaka ya kutunga sheria ndogo zake. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, inaandaa rasimu. Mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, unaijadili. Kisha rasimu na muhtasari vinapelekwa halmashauri ya wilaya, na madiwani wakiridhia, maandishi yale yanakuwa sheria kamili.

Sheria ndogo haiwezi kuzifanya mita 60 kuwa 20. Inachoweza ni kuzipa sura ya mahali. Inaweza kutaja mti gani wa kando ya mto usikatwe, lini nyavu zisionekane mdomoni mwa mto, nani ana haki ya matete yaliyopandwa na wote, na ukingo upimwe kutoka wapi, jambo ambalo katika tambarare ya mafuriko lina ugomvi wake: mto wa Oktoba na mto wa Aprili si mto mmoja.

Mambo huharibika hapo kati ya rasimu na idhini ya wilaya. Nimewahi kuonyeshwa muhtasari wa mkutano mkuu ulioandikwa jioni moja, kwa kalamu moja, sahihi zote zimelala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Kijiji hicho kilikuwa na sheria ndogo nzuri ajabu. Aliyekamatwa wa kwanza alikataa kulipa, shauri likafika Mahakama ya Mwanzo, nayo ikauliza iko wapi idhini ya halmashauri ya wilaya. Haikuwapo. Tangu siku hiyo hapana aliyelipa tena, na ukingo ulilimwa hadi majini.

Wanyakyusa, wenyeji wa huku, si wageni katika utawala wa jirani kwa jirani. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima, kilichotoka 1951, juu ya vijiji vyao vya rika: wavulana waliondoka kwa wazazi wakajenga pamoja, wakazeeka pamoja. Fadhila kuu ilikuwa ukwangala, raha ya kukaa na wenzako, kula na kuzungumza nao. Na aliyewakera wenzake aliiogopa pumzi ya watu, manung'uniko ya majirani yaliyoaminiwa kumletea mkosaji homa ya baridi. Sisemi turudi huko. Pumzi hiyo iliwahi kuonea watu pia. Nasema faini inayotozwa bila manung'uniko ya majirani nyuma yake ni karatasi, na isiyo na risiti ya mashine ni wizi.

Sheria ndogo ina mipaka yake, na mpaka wa kwanza ni wa ramani. Kiwira unaopita chini ya Daraja la Mungu kule Rungwe ndio huohuo unaofika Kyela, na sheria ya kijiji cha huku haimgusi anayelima mteremko wa kule. Kwa hilo ipo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, inayoruhusu jumuiya za watumia maji kuvuka mipaka ya vijiji, chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa iliyoko Tukuyu.

Mpaka wa pili ni tumbo. Ukimwambia mwenye eka moja aache mita 60, mwambie pia atakula nini. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Sijaona sababu vikundi vya waliohamishwa kingoni visitangulizwe, kwa mizinga, kwa vitalu vya miche ya kakao, kwa mabwawa ya samaki. Kakao inavumilia kivuli na haitaki jembe kila mwaka. Wilaya inayoongoza nchini kwa zao hilo haihitaji kufundishwa hilo na mgeni.

Mkutano mkuu unapaswa kufanyika angalau kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Nenda kwenye ule unaofuata. Ukifika, mwombe mtendaji akuonyeshe vitu viwili: sheria ndogo ya kijiji chako yenye muhuri wa halmashauri ya wilaya, na muhtasari wa siku ilipopitishwa. Kama jina lako limo na hukuwapo, simama useme.