Injini Hufunguliwa Mbele ya Mwenyewe

Likizo zikifika, Kisumu hupitiwa na wageni wa pikipiki kubwa. Huja kwa makundi kutoka Nairobi, wakateremka Kericho au Nandi Hills, wakala samaki Dunga, na kesho yake hao, wameshika njia ya Busia. Karibu wao. Ninalokataa ni maneno wanayotuachia. Husimama pale sokoni Kibuye, wakawatazama mafundi wetu chini ya mwarobaini, wakaona blada zimefungwa kwenye keria na gasketi inakatwa kwenye katoni ya sabuni, wakapiga picha na kusema watu wa ziwani hawatengenezi pikipiki, wanazifungafunga tu. Wengine hudhani wanatusifu: shida imetufanya wabunifu. Hao ndio wanaoniudhi zaidi, maana wanaiona shida na hawaioni mila iliyo mbele ya macho yao.

Nianze na pikipiki zenyewe. Vijana wa leo ukitaja pikipiki huwaza Boxer na TVS. Hizo zilifurika baada ya 2008, serikali ilipoondoa ushuru kwa pikipiki zisizozidi 250 cc, zikaifuta upesi boda ya baiskeli iliyokuwa imetujia kutoka mpakani Busia. Kabla ya hapo tulikuwa na pikipiki za maafisa. Bwana kilimo alipanda Yamaha AG100, chifu na mtu wa afya Yamaha DT125 au Honda XL. AG100 ilibuniwa kwa mashamba, na ilionekana hivyo: keria mbele na nyuma, cheni iliyofunikwa yote isiingie tope, stendi za pembeni mbili, ya kushoto na ya kulia, ili isimame hata kwenye mteremko. Zilipochoka zilipigwa mnada, zikaingia mikononi mwa walimu, wenye mashua na wachuuzi wa omena.

Baba yangu mdogo alipata DT kwa njia hiyo. Aliipanda kuzunguka Ghuba ya Winam yote: Kisumu hadi Bondo, Luanda Kotieno, akavuka na feri hadi Mbita, akarudi kwa Homa Bay, Kendu Bay na Katito, akisalimia shemeji na binamu kila kituo. Usiku haikulala nje. Iliingizwa ndani, ikaegemezwa ukutani, na asubuhi ikatolewa kabla ya watu kunywa chai. Pikipiki ya namna hiyo ilihesabiwa pamoja na mali ya boma, na kila mtu nyumbani alijua inatengenezwa wapi na nani.

Sasa nije kwenye jambo nilipendalo kuliko yote, kufunguliwa kwa injini. Kwa mafundi niliolelewa nikiwaona, mtu hatupi ufunguo na kwenda zake. Injini hufunguliwa mbele ya mwenyewe. Akiwa safarini, inangoja. Akituma mtoto, mtoto hurudishwa na salamu. Kwanza huja habari za nyumbani, mvua na bei ya ngege. Kisha fundi huuliza, "Jaduong', apiko inalia wapi?" yaani, mzee, pikipiki inalia wapi? Mwenyewe hueleza. Hueleza kwa sauti, akiuiga mlio kwa mdomo, na wala hakuna anayecheka, kwa kuwa pistoni iliyolegea hugonga injini ikiwa baridi na kutulia ikipata moto, ilhali beringi ya konirodi hugonga zaidi injini ikibebeshwa mzigo mlimani. Mwenye pikipiki ndiye aliyekuwa mlimani. Fundi anamhitaji kama daktari anavyomhitaji mgonjwa.

Baada ya maelezo injini huwashwa. Fundi huchukua bisibisi ndefu, akaikandamiza ncha kwenye bomba la silinda, na mpini akautia sikioni. Watu wote hunyamaza, hata wauza njugu. Kisha plagi hutolewa na kupitishwa mkono kwa mkono. Rangi ya hudhurungi, injini inakula vizuri. Nyeusi ya masizi, petroli ni nyingi au hewa ni haba. Nyeupe, inakula hewa kupita kiasi na pistoni iko hatarini kutoboka. Zamani walikuwa wakiinusa pia, kwa sababu petroli iliyochanganywa na parafini iliua injini nyingi. Tangu Septemba 2018, parafini ilipotozwa shilingi 18 kwa lita ili mchanganyiko ule usilipe, kunusa kumepungua. Wazee bado hunusa.

Ndipo gunia hutandikwa. Kila kinachotoka huwekwa kwa mpangilio wa kutoka kwake, kutoka kushoto kwenda kulia, ili kufunga kuwe ni kurudi kwa njia ile ile. Gunia halirukwi. Mtoto akiruka huitwa arudi azunguke. Hedi ikitoka, mwenyewe huinama aone kaboni iliyojaa juu ya pistoni. Silinda ikitoka, hupitisha kidole ndani na kuusikia mwenyewe ule ukingo mahali ringi zinapokomea. Haambiwi injini imekwisha. Anaigusa.

Hapo hujulikana kama silinda itakerezwa. Pistoni za ukubwa wa ziada huja kwa hatua: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 ya milimita. Fundi mwema hakurukishi hatua. Anayekupeleka 0.75 wakati 0.25 ingetosha amekupunguzia umri wa silinda, na habari hiyo itafika Kondele kabla yako. Silinda hupelekwa viwandani, Obote Road, kwa wenye mashine ya kukereza, na huko nako mwenyewe huandamana. Ikishafika mwisho wa hatua huvishwa sleivu mpya na kuanza upya. DT ya baba mdogo ilivishwa, na ilikuwa halali yake.

Wakati wa kufunga, mshale wa pistoni hutazamishwa upande wa ekzosi, na nafasi ya ringi hupimwa ndani ya silinda kabla haijavalishwa. Kazi ikiisha, fundi hukusanya vilivyotolewa, pistoni, ringi, beringi na gasketi iliyopasuka, akavifunga kwa gazeti na kumkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili. Desturi hii ndiyo wageni hawaioni kamwe, kwa kuwa hawakai hadi jioni. Kipuri kikuukuu ni chako. Uliponunua pikipiki ulikinunua pamoja nayo, kimekutumikia, na hakuna mwenye haki ya kukitupa isipokuwa wewe. Pia ni ushahidi: aliyekulipisha ringi mpya anakuonyesha zilizokufa. Baba mdogo alizipanga pistoni zake dirishani, na mgeni aliyeingia alisimuliwa kila moja ilifia wapi. Kisha teke la kwanza hupigwa na mwenyewe, si na fundi, hata kama mwenyewe ni mzee wa miguu mibovu. Akishindwa husaidiwa, lakini mguu wake hugusa kiki kwanza. Na hupewa masharti: kilomita 500 za mwanzo asikimbie, asipakie mtu, asipande mlima kwa gia kubwa.

Kuhusu kubadilisha pikipiki, ambako wageni hucheka zaidi, kila badiliko lina sababu yake. DT na AG zilikuja na tanki dogo la oili na pampu ya kuipeleka kwenye injini yenyewe. Pampu ile ikizeeka hufa kimya, na mpandaji hujua injini ikishashika. Mafundi wa kwetu waliitoa, wakaziba tundu, wakamfundisha mwenyewe kuchanganya oili na petroli kwa kipimo. Tangu hapo oili iko mbele ya macho yake kila anapojaza tanki. Kule uwanda wa Kano, karibu na Ahero na kingo za mto Nyando, udongo mweusi ukilowa hujishindilia kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu ligome kuzunguka. Ndiyo maana madigadi ya mbele huinuliwa au hukatwa. Mei 2020, Ziwa Victoria lilipofika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kuandikwa hadi wakati huo, maji yaliingia hadi kwenye nyumba za ufuoni, na pikipiki nyingi zilifikishwa kwa fundi oili imekuwa nyeupe. Zilizokuwa na mdomo wa hewa ulioinuliwa hadi chini ya kiti, kazi ya nyundo na welda, zilivuka.

Na Kericho je? Ziwa letu liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Kericho iko takriban 2,000. Hewa ya kule ni nyepesi, hivyo kabureta iliyopangwa Kisumu humwaga petroli nyingi na pikipiki hupanda ikikohoa moshi. Mafundi wa zamani walikuwa wakiishusha sindano ya kabureta tundu moja kwa anayekwenda juu, na kumwonyesha namna ya kuirudisha, maana akiteremka nayo hivyo hivyo ataichoma pistoni. Maarifa haya hayakutoka kitabuni. Yalitoka kwa watu waliopanda, wakarudi na plagi mfukoni, wakakaa kitako na kuzungumza. Keria za samaki, zilizopanuliwa kwa vyuma vya nondo zibebe kreti na barafu kutoka Usenge, na shoki zilizoongezwa springi, nazo zina hesabu zake, lakini hizo kila mtu anaziona.

Mapambo, stika, mikia ya ngozi, viti vya rangi tatu: sina la kusema. Habari za vyama vya akiba vya boda zimeshaandikwa na wengine.

Uanagenzi lakini siwezi kuupita. Kijana huletwa na mzazi au mjomba, na kwa miezi ya kwanza hashiki spana ila ya kumpa mwingine. Huosha vipuri kwa petroli kwenye mtungi uliokatwa nusu, na huko kuosha ndiko kusoma: mkono wake unajua meno ya gia kabla kichwa hakijajua kazi yake. Huambiwa "kumi na mbili", akanyoosha mkono bila kutazama na kuleta kumi na mbili. Baadaye huachiwa tairi na tyubu, kisha cheni, kisha breki, kisha klachi. Kuifunga injini ni siku yake kubwa. Fundi huondoka pale makusudi, akaenda kunywa chai, kijana akabaki na gunia na mwenye pikipiki. Mwenye pikipiki akikubali abaki naye, kijana amekuwa mtu. Leo wengi hawafiki siku hiyo. Akishajua kuziba pancha, rafiki zake humwita akapande boda, na hela ya jioni humshinda subira. Siwalaumu vijana. Nawalaumu tuliokuwa na pikipiki na tukaona aibu kuwalipa mafundi bei ya kazi yao, tukawalazimisha wahesabu pancha badala ya injini.

Kuna jambo jingine tunalosingiziwa, nalo ni msafara wa maziko. Kwetu Wajaluo mwanamume mzima akizikwa, ukoo hutoka na ng'ombe, ngao na mikuki kwenda kukifukuza kifo hadi mbali na boma. Hiyo ni tero buru. Ng'ombe wamepungua na malisho yamekatwa vipande, na pikipiki zimeingia mahali pao. Zinafungwa matawi, zinatangulia jeneza, zinanguruma. Oktoba 2025, Raila Odinga alipoletwa Kisumu na kupelekwa Bondo kuzikwa, nchi nzima iliona matawi yale, na bado kuna waliouliza kwa nini tunapenda fujo. Hawakuona fujo. Waliona wanaume wakifanya kazi waliyoachiwa na babu zao, kwa mnyama walio naye. Kesho yake fundi huwa na kazi, na zamani walioandamana walifika kwake kabla ya msafara pia, cheni zikakazwa na breki zikaangaliwa, kwa kuwa ilikuwa aibu pikipiki kuzima mbele ya maiti.

Hata hivyo siwezi kuutetea mlio wa baruti. Vijana huzima swichi na kuwasha wakiwa mwendoni, petroli isiyoungua ikalipukia kwenye silensa. Unachoma valvu na kupasua bomba, na unaua chombo kilichokuwa kikimsindikiza mtu. Wazee wa DT walinguruma tu, kwa mkono wa kulia, wala hakuna aliyewaambia hawakulia vya kutosha.

DT na AG sasa zimebaki chache, nyingine zimelala nyuma ya nyumba na kuku wanatagia kwenye keria. Vipuri vyake ni vya kuwindwa. Lakini kinachonitia hofu ni desturi kuliko chuma. Boda nyingi za leo zimenunuliwa kwa mkopo, na ndani kimefichwa kifaa cha mkopeshaji kinachosema pikipiki iko wapi. Mpandaji anaogopa hata kuiruhusu ifunguliwe. Pikipiki za umeme nazo zimefika, hadi Mbita. Nimezipanda, hazina moshi, na ziwa letu linastahili hewa safi. Ila katika nyingi ya hizo betri si ya mwenye pikipiki. Anaiacha kituoni ikiwa tupu, anapewa nyingine iliyojaa, kesho hivyo hivyo. Betri imefungwa kwa muhuri, na mafundi wa Kibuye hawaruhusiwi kuigusa. Walioleta mashine hizi wanaweza kuandika mkataba mwingine kabla hazijajaa mjini: motori na mitambo yake ifunguliwe hapa na mafundi wa hapa, mpandaji akiwa amekaa kando ya gunia, na kilichokufa afungiwe kwenye gazeti aende nacho nyumbani.