Malengelenge Yanayowasha na Kurudi

Mwanafunzi wa bweni huota vilengelenge vidogo baina ya vidole. Huwashwa, hasa usiku akiisha kujifunika, hupaka dawa, hupata nafuu. Kisha baada ya majuma machache maradhi hurejea. Wako wasemao ni damu chafu, na wako walaumuo maji ya bomba. Lakini kule kurudi kwenyewe ndiko kunakostahili kuchunguzwa kwanza.

Mabwenini, wa kushukiwa kwanza ni utitiri wa upele, kiumbe mwenye miguu minane na urefu usiofikia nusu milimita. Jike huchimba njia katika tabaka la juu la ngozi na kutaga humo mayai 2 au 3 kila siku. Mwaka 1687 tabibu Mwitaliano, Giovanni Cosimo Bonomo, alimweleza kiumbe huyu baada ya kumtazama kwa darubini. Hata hivyo ilipita zaidi ya karne moja kabla ya matabibu kwa jumla kukubali kwamba kitu kidogo kiasi hicho chaweza kuzusha maradhi.

Mwasho hausababishwi na uchimbaji huo, bali na mwili kuyakataa mate, mayai na kinyesi cha utitiri. Nao mwili huhitaji muda wa kuvitambua. Aliyeambukizwa mara ya kwanza aweza kukaa majuma 4 hadi 6 pasipo kujikuna, hali anawaambukiza wenzake. Akiambukizwa tena, huanza kuwashwa baada ya siku 1 hadi 3. Basi anayejikuna hutibiwa, na jirani yake aliye kimya huachwa, akamrudishia ugonjwa. Hapana budi wote wanaogusana kwa karibu watibiwe siku moja, na kwa dawa nyingi tiba irudiwe baada ya juma moja au mawili. Mwasho ukiendelea kwa majuma 2 hivi baada ya hapo, si lazima dawa imeshindwa, kwani mabaki ya utitiri waliokufa yangalimo ngozini. Wengi hawalijui hili, hupaka dawa kila siku hata ngozi ikaungua.

Je, blanketi? Wakati wa Vita Kuu ya Pili, huko Sheffield, Uingereza, Kenneth Mellanby aliwalaza watu waliojitolea katika mablanketi ya wagonjwa wa upele. Walioambukizwa walikuwa wachache mno. Ngozi kugusana na ngozi ndiko kulikoeneza. Kufua shuka ni vyema, ila hakushiki nafasi ya kumtibu jirani.

Si kila lengelenge ni upele. Likitokea daima chini ya saa au kishikizo cha mkanda, huenda ngozi inaikataa nikeli. Yale ya viganjani na nyayoni, yarudiayo kwa mtu mmoja pasipo wenziwe kuwashwa, mara nyingi ni aina ya ukurutu. Na mstari mwekundu unaochoma kuliko kuwasha, uonekanao asubuhi msimu wa mvua, yamkini ni kazi ya "nzi wa Nairobi", ambaye kwa hakika ni jamaa ya mbawakawa. Haumi wala hachomi. Sumu imo mwilini mwake, nayo hutoka anapopondwa. Apulizwe aondoke, na ngozi ioshwe kwa sabuni.