Njia ya faili katika ujenzi wa programu

Njia ya faili ni maandishi yanayoonyesha mahali faili lilipo ndani ya kompyuta, kuanzia folda ya juu kabisa hadi jina la faili lenyewe. Kila mfumo wa uendeshaji una kanuni zake za kuandika njia hiyo. Tofauti hizo husumbua hasa katika zana za kujenga programu, kama vile Make, Ant na CMake, ambazo husimamia kazi ya kugeuza msimbo chanzo kuwa programu inayoweza kutumika. Mradi uliojengwa vizuri kwenye Windows unaweza kukwama kwenye Linux, ingawa hakuna mstari hata mmoja uliobadilishwa.

Historia

Unix, iliyoanza mwaka 1969 katika maabara ya Bell Labs nchini Marekani, hutenganisha majina ya folda kwa mkwaju (/). Linux na macOS hufuata desturi hiyo. MS-DOS ya kwanza, ya mwaka 1981, haikuwa na folda, na mkwaju ulikuwa tayari na kazi nyingine: kutangulia chaguo za amri, kama FORMAT /S. Folda zilipoletwa katika toleo la 2.0 mwaka 1983, ukachaguliwa mkwaju wa nyuma (\), nayo Windows ikaurithi.

Matatizo na utatuzi

Katika lugha ya C na nyingine nyingi, mkwaju wa nyuma una maana ya pekee: \n ni mstari mpya, na \t ni nafasi ya kichupo. Kwa hiyo njia "C:\nyumba\taarifa.txt" ikiandikwa hivyo ndani ya msimbo, herufi n na t humezwa, na kompyuta hutafuta faili lisilokuwepo. Ni lazima kila mkwaju wa nyuma uandikwe mara mbili.

Nuktapacha nayo huleta utata. Unix huitumia kutenganisha njia kadhaa katika orodha moja; Windows hutumia nuktamkato (;), kwa sababu nuktapacha tayari hufuata herufi ya diski, kama C:.

Zana nyingi hutatua jambo hili kwa kushika umbo moja ndani na kuligeuza pale tu inapohitajika. CMake hutumia mkwaju wa kawaida kwenye mifumo yote. Ant hukubali alama zote mbili. Python ina maktaba ya pathlib tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014, ambayo huunganisha sehemu za njia bila mwandishi kutaja alama yoyote. Windows yenyewe hukubali mkwaju wa kawaida mara nyingi, ila baadhi ya amri zake za zamani bado huuchukulia kuwa mwanzo wa chaguo.

Yasiyogeuzwa na zana

Tofauti nyingine haziwezi kurekebishwa kwa kubadilisha alama. Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, lakini Windows na macOS kwa kawaida hazitofautishi. Msimbo unaoita "mteja.h" wakati faili linaitwa "Mteja.h" utakubaliwa kwenye kompyuta ya mwanafunzi yenye Windows, kisha utakataliwa kwenye seva ya Linux. Kinyume chake, mafaili mawili yanayotofautiana kwa herufi kubwa tu hayawezi kukaa pamoja katika folda ya kawaida ya Windows.

Windows pia imehifadhi majina kadhaa tangu enzi za DOS, yakiwemo CON, AUX na NUL. Faili aux.c, ambalo halina kasoro yoyote kwenye Linux, huweza kuleta hitilafu huko. Aidha, njia katika Windows ilikuwa na kikomo cha herufi 260, kikomo ambacho miradi yenye folda nyingi zilizomo ndani ya folda nyingine hukifikia upesi. Tangu mwaka 2016 Windows 10 inaruhusu kukiondoa, lakini mpaka mtumiaji abadilishe mpangilio, na programu husika nayo iwe imetengenezwa kukubali njia ndefu.