Intaneti kutoka angani: Je, Kitale na Bungoma zitanufaika?

KARIBU kila wiki, roketi hurushwa nchini Marekani, kutoka Florida ama California, ikiwa imesheheni setilaiti za intaneti. Wengi wetu husikia habari hizo na kuziona kama hadithi za mbali. Lakini kwa mzazi wa Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambaye mwanawe amemaliza Kidato cha Nne, mambo hayo si ya mbali hata kidogo.

Mtoto huyo huomba nafasi ya chuo kikuu kupitia intaneti, na akishaipata huomba mkopo wa HELB kwa njia iyo hiyo. Mtandao ukisumbua nyumbani, hana budi kuabiri matatu au bodaboda hadi Kimilili au Bungoma mjini kutafuta saiba. Kuna nauli, kuna malipo ya saiba, na tarehe ya mwisho haimngoji mtu.

Je, setilaiti hizo zaweza kumpunguzia mzigo huo?

Mafuta ya taa hadi angani

Roketi inayotumiwa sana katika kazi hii ni Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX. Ina urefu wa mita 70, na huenda ukashangaa kusikia kwamba mafuta yake ni ya ukoo mmoja na mafuta ya taa, ila yamesafishwa zaidi na huchomwa pamoja na oksijeni iliyogeuzwa kuwa maji kwa baridi kali. Sehemu ya chini ya roketi hiyo hurudi na kutua wima baada ya dakika nane na nusu hivi, ikatumika tena. Hiyo ndiyo siri iliyoshusha gharama ya kurusha setilaiti.

Setilaiti 60 za kwanza za mpango huo, uitwao Starlink, zilirushwa Mei 2019. Sasa ziko maelfu kwa maelfu. Kwa nini nyingi hivyo?

Setilaiti za zamani zilizotumika kwa mawasiliano hukaa umbali wa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kutoka hapa chini huonekana kana kwamba zimesimama mahali pamoja. Chache tu hutosha kuhudumia dunia. Lakini kwa sababu ya umbali huo, ukituma swali na kungoja jibu, karibu nusu sekunde hupotea njiani. Anayezungumza na mwalimu kwa video huona maneno yakigongana.

Hizi mpya huzunguka umbali wa kilomita 550 hivi, kwa hivyo jibu hurudi upesi. Hata hivyo, kwa kuwa ziko chini, kila moja huona sehemu ndogo tu ya dunia, tena haikai mahali. Kutoka Kitale hadi Bungoma ni kama kilomita 70 kwa mstari ulionyooka. Setilaiti hiyo huumaliza mwendo huo kwa chini ya sekunde kumi, ilhali matatu ingali ikiita abiria Kiminini! Lazima nyingine iwe tayari kupokea kazi, na nyingine nyuma yake.

Kenya si mgeni

Wasomaji wachanga huenda hawajui kwamba nchi yetu iliwahi kuwa uwanja wa kurushia setilaiti. Mnamo Desemba 12, 1970, setilaiti ya uchunguzi wa nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri, ilipewa jina Uhuru. Mnamo Aprili 2023, setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1 ilipelekwa angani na roketi aina hiyo hiyo ya Falcon 9.

Starlink ilianza kuuza huduma zake humu nchini Julai 2023.

Kijiji mbele ya jiji

Jambo la kutia moyo ni kwamba huduma hii hufaa zaidi mahali penye watu wachache. Walio katika eneo moja hugawana nguvu ile ile, kama majirani wanaotegemea mfereji mmoja. Mnamo Novemba 2024, kampuni hiyo ililazimika kusimamisha kwa muda kuandikisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Mara hii, mtu wa milima ya Cherangani alikuwa na nafasi ambayo mtu wa Nairobi alinyimwa.

Aidha, nyaya za faiba hufuata miji na barabara kuu, na milima huzuia mawimbi ya minara ya simu. Dishi huhitaji tu anga iliyo wazi. Anayezungukwa na mikaratusi itambidi aliweke juu zaidi.

Gharama ndiyo mlima mwingine. Huduma hiyo ilianza kwa Sh6,500 kwa mwezi. Mnamo 2024, kampuni ilileta mpango wa Sh1,300 kwa gigabaiti 50, na ikaruhusu wateja kukodi dishi kwa Sh1,950 kwa mwezi. Jumla ilikuwa Sh3,250, nazo gigabaiti 50 ni kama saa 50 hivi za masomo ya video. Kwa familia moja inayongoja mavuno ya mahindi ili ilipe karo, hizo si pesa kidogo. Kwa shule ya wanafunzi 300, ilikuwa chini ya Sh11 kwa kila mwanafunzi.

Isitoshe, dishi halifanyi kazi stima zikipotea, na mvua kubwa hudhoofisha mawimbi. Tena mitambo yote iko mikononi mwa kampuni moja ya kigeni. Mnamo Julai 24, 2025, ilikwama kwa takriban saa mbili na nusu, na wateja kote duniani wakabaki gizani. Kwa hivyo isiwe sababu ya serikali za kaunti kusahau faiba.

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Wazazi na walimu wa Trans Nzoia na Bungoma wasingoje kila boma liwe na dishi lake. Waanze na moja kwenye shule au maktaba, wasome masharti ya mkataba kwa makini, kisha watenge siku za watahiniwa kuomba nafasi za vyuo papo hapo kijijini.